Nilikusahihisha Mbele ya Watu

Mpendwa Dada Sakina,

Shikamoo. Ni mimi Zaituni, yule msichana wa Palma wa kundi letu la kujifunza Kichina kwa simu. Nakuandikia wewe, lakini barua hii nitaiweka kundini waisome wote, ingawa wewe mwenyewe humo tena; nakala nitaituma kwenye namba yako. Sababu nitaieleza mbele kidogo. Naomba tu usiache kusoma kabla hujafika hapo.

Hatujawahi kuonana. Wewe uko Mikindani, mimi niko upande huu wa Ruvuma, Msumbiji, na ninachokijua kwako ni sauti, pamoja na cherehani inayonguruma nyuma yake. Lakini siku ya kwanza nilipotuma sauti yangu, nikasoma maneno manne ya Kichina kama mtu anayeita majina darasani, yote yamenyooka, ni wewe peke yako uliyenijibu bila kucheka. Uliniuliza, "Mdogo wangu, unajua kushona?" Nikasema kidogo, mama amenifundisha kutia vifungo. Ukasema, "Basi Kichina unakijua, hujaambiwa tu."

Ukanifundisha kwa mkono zile sauti nne za Kichina, ambazo neno likipandishwa au kushushwa hubadilika maana. Sauti ya kwanza, laza kiganja mezani kama unayenyoosha kitambaa. Ya pili, inua pindo la gauni. Ya tatu, sindano inazama chini halafu inarudi juu. Ya nne, mkasi: kata! Mpaka leo nikisoma mikono yangu haitulii. Wenzangu wa darasani huku shikola wanadhani nafukuza nzi.

Unaikumbuka Jumamosi ya "mai"? Kununua ni mai, kuuza ni mai, moja sindano na nyingine mkasi, basi. Kaka Bernardo, yule mwalimu wa Mueda aliyeanzisha kundi, alitaka kila mtu ayatamke yote mawili. Yeye hapati shida, anasema Kimakonde chake nacho kinapanda na kushuka. Sisi watu wa pwani tulihangaika mpaka adhuhuri. Ndipo ukatuma sauti: "Jamani, mimi mfanyabiashara! Nikikosea hapa nitakwenda kununua majora ya kitambaa, nirudi nimeuza cherehani!" Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia kama niko mzima.

Wakati ule, kwa sababu ya mradi wa gesi, hapa Palma kila mtu alikuwa na lugha anayoikimbilia. Wengi walikimbilia Kiingereza. Mimi nilikwenda kwenye Kichina kwa kuwa baba alikuwa amepata kazi ya jikoni katika kambi ya wajenzi Wachina, na maneno yangu ya kwanza aliniletea yeye, mchele, chumvi, maji, yameandikwa kwenye kipande cha boksi. Nilimfundisha "chumvi" kwa mtindo wako wa kuinua pindo. Kesho yake alirudi anatembea kama bwana harusi. "Zaituni! Leo nimeomba chumvi, nikapewa chumvi!" Alinisifu mbele ya wageni. Sifa zile zilikuwa zako, mimi nikazichukua zote.

Labda hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba. Nilikuwa na daftari langu, kila neno nimelitia alama yake juu, na nikawa naliamini daftari kuliko sikio. Halafu ikaja ile Jumamosi. Ulituma sentensi uliyoifanyia mazoezi wiki nzima, "Nataka kununua kitambaa," kwa sababu Mchina mmoja mwenye duka la jumla Dar es Salaam alikuwa amekubali umpigie simu Jumatatu wewe mwenyewe, bila dalali. Hayo ulituambia, na niliyasikia. Bado nikabonyeza kitufe, nikasema kundi zima linasikia: "Umekosea tena, Dada Sakina. Maneno matatu ya mwanzo yote ni sindano. Sikiliza, halafu nifuatishe."

Nifuatishe! Namwambia mtu ambaye tungepishana njiani ningemwamkia kabla hajaniona.

Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Mmoja akaandika, "Leo fundi kapata mwalimu." Ukajibu maneno mawili tu, "Ahsante, mwalimu," na muda si mrefu simu ikaonyesha kwamba umetoka kundini.

Siku mbili nilijitetea. Nikamwambia mama kwamba mimi nilikuwa nasaidia. Mama alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana, kundi zima."

"Ni mkubwa kwako?"

"Mkubwa."

"Namba yake ulikuwa huna?"

Nilikuwa nayo. Huku kwetu, na najua huko kwenu ni vivyo hivyo, mkubwa akiteleza neno katika maulidi, unamsogelea unamnong'oneza, naye anajirekebisha kwa sauti yake mwenyewe. Waliokaa mbali hata hawajui. Nimelelewa hivyo. Sijui kwa nini nilidhani kwenye simu adabu inapumzika.

Nikasema basi, nitamwandikia faraghani nimwombe radhi. Ndipo mama aliponitazama. "Umemvunjia heshima barazani, Zaituni, halafu utamwomba radhi jikoni?"

Kwa hiyo niko barazani, Dada Sakina. Niwie radhi.

Na hata haki yenyewe sikuwa nayo. Kaka Bernardo alinieleza baadaye, tena kwa upole kuliko nilivyokufanyia wewe: sindano zikifuatana, Wachina wenyewe huigeuza iliyotangulia ikawa pindo. Wewe uliisikia hivyo kwenye maduka yao, ukaisema ulivyoisikia. Lakini nakuomba radhi kwa namna nilivyokwambia, ambayo ingekuwa mbaya hata kama daftari langu lingekuwa na haki. Na kinachoniuma zaidi ni ile Jumatatu. Sijui kama ulipiga simu. Nawaza kwamba labda uliishika, ukaikumbuka sauti yangu, ukairudisha mezani. Kama ndivyo, tafadhali piga leo. Sentensi yako ilikuwa sawa Jumamosi ile, na ni sawa sasa hivi.

Sisi tunaendelea. Wiki hii tumefika kwenye majina ya vyombo vya jikoni, na baba amegeuka mwanafunzi hasa, anaisemesha sufuria. Mimi bado nataka kuwa mkalimani. Nawaona watu wetu wanavyoitwa kwenye mikutano na hawa wageni, wanakaa mstari wa mbele, wanaitikia kwa kichwa mambo ambayo hawakuyaelewa. Nataka siku moja nikae katikati yao nisikie pande zote mbili. Sasa najua kazi hiyo inataka ulimi, na inataka kujua pia wa kumwamkia na namna ya kumwambia. La pili nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni, nikalisahau kwa dakika moja.

Chini ya barua hii nimeweka sauti yangu, nakuomba radhi kwa Kichina: duibuqi, jiejie. Nisamehe, dada. Nimeirekodi mara moja tu, bila daftari, na sikuirudia. Nadhani kuna mahali nimeteleza. Rudi unisahihishe, hapa hapa, wote wakisikia.

Mdogo wako wa ng'ambo ya mto,
Zaituni