Jina Chini ya Marumaru

Jumatatu, 10 Desemba 1973

Masanduku mawili tangu asubuhi. Misumari inaisha. Tangu Rais aseme mali ya wageni ichukuliwe, wazungu wa mtaa wa Nyalukemba wanafunga vitu warudi kwao, na kila anayefunga ananiita mimi, fundi wa masanduku. Moyo wangu uko kwa wale wanaosema, chukua kile kiti cha zamani, kiwe malipo yako. Nina vitu sita sasa, vyote vya Ufaransa. Majirani wanasema nimerithi uzee wa wazungu. Waseme.

Leo mjane wa kizungu wa kando ya ziwa kanipa komodi. Kabati fupi, droo tatu, tumbo limejitokeza mbele, bamba la marumaru juu. Tulibeba watu wanne. Mguu mmoja umeliwa na wadudu. Sijali.

Jumanne, 11 Desemba

Nimeinua marumaru. Chini yake, kwenye mbao, jina limepigwa kwa chuma. Herufi ndogo kama punje za mchele.

Frère, mtawa wa kizungu aliyetufundisha useremala misheni, alituambia: mafundi wakubwa wa Paris, zama za wafalme, walipiga jina mahali palipofichika. Bila jina ni kabati kuukuu tu. Miaka tisa ninachungulia migongo ya makabati ya watu. Leo lipo. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Jina siliandiki hapa. Siku hizi hata daftari linapekuliwa.

Frère atapita Jumapili akitoka Kalehe, anarudi kwao Ulaya, harudi tena. Ni yeye tu hapa anayeweza kuandika barua ya kuthibitisha komodi ikaaminiwa huko. Akisema ndiyo, basi nina jicho. Sitaki kingine. Uongo: nataka pia majirani wasikie.

Alhamisi, 13 Desemba

Maduka yanabadilisha wenyewe kila siku. Sokoni wanasema sasa watu wa serikali wataingia nyumbani, kutafuta mali ambayo wazungu wameficha kwa rafiki zao. Sina karatasi ya komodi. Mjane aliondoka jana. Mjinga mimi.

Nimeinua jiwe mara tatu leo kusoma jina. Mke wangu kachoka kunitazama. "Papa Bahati, ile jiwe itakuvunja mugongo." Kweli tupu.

Ijumaa, 14 Desemba

Wamekuja. Sikuwapo.

Mama Bahati aliwasikia kwa jirani. Akaita dada yake, wakainua jiwe wawili, akachukua patasi yangu, akakwangua jina lote. Walipoingia na kuuliza komodi ni ya nani, akasema: bwana yangu alitengeneza. Wakaisifu! Mmoja aliipapasa, akasema nina mkono mzuri. Wakaenda zao.

Nilipiga kelele mpaka watoto wa jirani wakanyamaza. Yeye hakulia.

"Ile jina iko ya muzungu. Ningesema komodi iko ya nani? Bangekufunga. Na weye, mwaka jana, jina yako ya batiso hukuitosha ku caisse ya byombo? Na patasi ile ile?"

Kweli: serikali ilipokataza majina ya kizungu, nililikwangua langu la ubatizo kwenye sanduku la vifaa. Leo namchukia. Kesho sijui.

Jumamosi, 15 Desemba

Sikula. Kidonda kwenye mbao kina urefu wa kidole gumba, cheupe, kibichi.

Nazijua herufi zote. Mkono ninao. Nimetafuta kipande cha chuma, nimekinoa, nimekiweka juu ya mbao nilipige jina upya. Kisha nimekitupa mbali. Niliogopa kwamba ningefaulu.

Jumapili, 16 Desemba

Frère alifika baada ya misa. Amezeeka sana. Alitoa droo moja moja, akazigeuza, akanusa mwaloni wa ndani. Kisha: "Hii kazi iko ya fundi mukubwa." Nikamwita Mama Bahati alete chai.

Tukainua jiwe. Kidole chake kikafika kwenye kidonda.

Aliuliza nani kafanya hivi. Mama Bahati alikuwa mlangoni na vikombe vya chai. Nilisema ni mimi. Kwa nini? Niliogopa, nikasema. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyemwaibisha. Nimeumia. Bado naumia.

Nikamtajia jina. Alifumba macho.

"Miye nakuamini. Kule hawataamini."

Barua hataandika. Chai yake hakuimaliza.

Jumatatu, 17 Desemba

Mvua. Sanduku moja, la mwalimu anayerudi kwao. Kazi mbaya, nimekata ubao mfupi mara mbili.

Nimekuta Mama Bahati anapanga vitenge vyake kwenye droo ya pili. Hakuomba ruhusa. Sikumzuia. Droo inateleza vizuri, haina kelele.

Akauliza, bila kugeuka, yule fundi aliitwa nani.

Nilimwambia. Ulimi ulimkataa mara ya kwanza. Mara ya pili nilimrekebisha. Mara ya tatu alilitamka sawasawa, kisha akaendelea kukunja vitenge, akilirudia polepole.