Inanga Yenye Kiraka cha Debe

Gasorwe, Muyinga
8 Oktoba 2023

Kwako Abdulhussein, mtoto wa dukani,

Salamu nyingi, kama bado una masikio ya kuzipokea. Mimi ni mzima kwa kiasi chake: magoti yanagoma, sikio la kushoto limestaafu, na meno nimebaki nayo manne ambayo hayasemezani. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu mimi husema "nini? nini?" mpaka salio linakata roho. Barua hii anakuletea Sefu, dereva wa gari la Gitega.

Sasa tafuta kiti. Ni mimi Damiano, mwana wa Anatoli mpiga inanga, ule ubao wa nyuzi nane, niliyekufundisha kuogelea kwa kukusukuma mtoni. Tanzania sikufia. Nilikimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, nikarudi 2004 kupitia mpaka wa Kobero, na mzigo wangu wa kwanza niliutua mbele ya duka lenu pale Muyinga mjini. Nikakuta wanauza magodoro. Watu wakaniambia Wahindi wale waliuza kila kitu wakaenda zao. Basi nikakukasirikia miaka kumi na tisa, na nilikuwa naendelea vizuri tu.

Juzi mwalimu Jovina wa shule yetu aliwapeleka wanafunzi kutazama ngoma za Gishora. Mvua ikawakuta Gitega mjini, wakajibanza kwenye duka lenye chumba cha vitu vya kale. Ukutani akaona inanga yenye kiraka cha debe. Chini yake pameandikwa: "Inanga ya mtumbuizaji wa mfalme. Kiraka ni alama ya heshima." Akanionyesha picha, akanitajia na jina la mwenye duka: lako. Nilicheka mpaka moja ya yale manne likatikisika.

Mfalme gani? Baba yangu alipiga kwenye pombe za ndizi na kwenye matanga. Na kiraka hicho: mimi na wewe tuliigeuza inanga ya mtu kuwa gari, tukateleza nayo kwenye majani ya kilima nyuma ya duka, mpaka kwenye kisiki. Wewe ulikaa mbele ukilia kama mbuzi wa Idi. Baba yako akakata debe la mafuta ya taa, akapigilia haraka kabla mwenyewe hajarudi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Naitaka. Mpe Sefu.

Kaka yako mkubwa,
Damiano


Gitega
22 Oktoba 2023

Damiano wee,

Salaam ya kwetu hukutoa, basi mi nakutolea: salaam aleikum, mwizi wa ndizi. Barua yako nilisoma mara mbili, ya tatu nikampa binti yangu Afshan anisomee, maana miwani iliingia maji. Afya iko. Sukari nayo iko. Daktari amenikataza vitu vitamu, donc, basi, nakula nikiwa nimesimama, hiyo haihesabiki.

Mi ndiyo nilijua umekufa! Madereva wa Kobero nimewauliza miaka na miaka: "Kule ng'ambo hamkukutana na mtu mrefu, mwongo?" Wananijibu, "Mzee, wako wengi."

Na pale ulipotia sahihi, futa. Mkubwa ni mimi. Tangu utoto we unakataa kwa sababu tu ulinizidi urefu.

Yale maandishi ni ya Afshan. Siku moja aliingia mzee na kofia yake nzuri, akasema kitu kama hiki lazima kilitoka kwa mfalme. Mi nikaacha Afshan aandike. Bon, sikiliza, wageni wanatoka Gishora ngoma bado zinawadunda kichwani, wanapita makumbusho, wanakuja kwangu kununua betri, halafu wanasimama mbele ya inanga. Wote wanashusha sauti. Hata mtoto aliyekuwa analia ananyamaza. Nikiwaambia ni ya Anatoli wa Muyinga aliyepigia walevi, nani atasimama?

Iko salama pale ukutani. Njoo wewe uione. Nitakutembeza boma ya Wajerumani, nitakupeleka Gishora, ngoma zile utazisikia hata kwa hilo sikio lililostaafu. Chumba iko, Afshan anapika vizuri.

Kaka yako mkubwa, yule wa kweli,
Abdulhussein


Gasorwe
5 Novemba 2023

Kwako Abdulhussein, mla sukari wa kusimama,

Nashukuru u mzima, na mimi sijambo, mvua imetuokolea maharage. Mambo ya ukubwa tutayamaliza siku nyingine, kwa fimbo. Leo sikutanii.

Unamkumbuka dada yangu Letisia, yule aliyekuwa akitukimbiza na mwiko? Ana miaka themanini. Amewasahau wanawe. Ameisahau Tanzania yote, miaka thelathini na miwili imefutika kama ubao wa shule. Mimi ananiita "bwana." Kitu kimoja tu kimembakia: kila akiamka anauliza kama baba ameshaanza. Anautaka wimbo wa Bihogo, ng'ombe aliyegoma kuvuka mto Ruvubu mpaka mwenyewe alipomnong'oneza jina lake.

Baba hakuwa akiimba, unakumbuka. Alinong'ona, nyuzi zikayabeba maneno, na watu wakazuia kikohozi. Nimejaribu kumnong'onezea hivi hivi, bila inanga. Akanitazama, akasema, "Bwana, hiyo ni pumzi tu."

Muuguzi anasema moyo wake umechoka, tusipange mambo ya mbali. Sikudai mali, Abdulhussein. Nataka asikie mara moja. Halafu mrudishie mfalme wako.

Kaka yako mkubwa,
Damiano


Gasorwe
10 Desemba 2023

Abdulhussein,

Hujambo. Najua hujambo, Sefu ameniambia. Amepita kwako mara nne, na mara zote, akiingia, wewe unajificha nyuma ya magunia ya mchele. Una miaka zaidi ya sabini. Tumbo linaonekana.

Letisia haketi tena. Anauliza akiwa amelala.

Damiano


Gitega
14 Desemba 2023

Damiano, ndugu yangu,

Nakusalimia kwa aibu. Afya yangu usiulize leo.

Nilijificha, kweli. Inanga haina nyuzi zake. Zile kwenye picha ni waya za breki za baiskeli, mi niliweka, wageni hawajui.

Ulipokwisha kukimbia, baba yangu akasema tunafunga duka siku hiyo hiyo, tunahamia Gitega. Lori inangoja. Majora ya vitambaa iko chini, kamba hakuna. Asubuhi ile Anatoli alikuwa amekuja, akalaza inanga juu ya meza ya duka, akasema, "Mtunzie Damiano." Akatoka. Na mi nikachukua kisu. We unajua kunishinda: zile nyuzi nane ni ukano moja ya ng'ombe, ndefu, inaenda na kurudi. Ukikata pahali pamoja umekata yote. Nikafungia vitambaa.

Nilipoinua kichwa, Anatoli alikuwa mlangoni. Alisahau kofia yake, akairudia. Aliona. Alichukua kofia akaenda, na mwaka haukuisha tukasikia amekufa. Miaka hamsini, Damiano, mi naiona ile kofia.

Tangu barua yako natafuta ukano. Mtu wa bucha alinipa ya mbuzi, ikakatika mara moja. Sasa nimepata ya ng'ombe, mzee mmoja kule Gishora alinikaushia. Ila kufunga sijui. Jumatatu napanda gari ya Sefu, mimi na inanga. Kama unataka kunipiga, ngoja kwanza nishuke.

Abdulhussein


Gasorwe
27 Desemba 2023

Kwako Abdulhussein,

Salamu kwako na kwa Afshan. Hali yangu ni ya mtu aliyezika. Letisia alituaga Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, naye hakupenda misa ndefu. Jana tulimpumzisha. Hakuteseka.

Bado nakuona ukishuka garini, umekumbatia inanga ndani ya blanketi kama mtoto mwenye homa. Sikukupiga kwa sababu matope yalikuwa yameshakutangulia kukuadhibu. Nilikwambia kwa mdomo, ukalia, hukusikia, sasa soma. Baba yangu alikuwa fundi wa matusi. Angekuwa na hasira, ungemsikia mpaka Kobero. Alikuona na kisu mkononi, akachukua kofia, na inanga akaiacha palepale mezani. Mikono yote miwili alikuwa nayo, angeweza kuichukua. Alikuachia wewe.

Tuliufunga ule ukano, wewe ukibana mti kwa magoti, mimi nikivuta, tukitukanana kama zamani. Vidole vyangu havikusahau. Kinywa ndicho kilichoniaibisha: meno manne hayanong'oni, yanapiga mluzi. Nani angejua kwamba Bihogo mzima, hata yale maneno ya Kirundi cha kale ambayo mimi nimeyapoteza, alikuwa tumboni mwa Muhindi? Kumbe mimi nilipokwenda kuiba ndizi, wewe ulibaki miguuni pa baba unasikiliza. Uliponong'ona ulifumba macho, kwa hiyo hukuuona mkono wa Letisia. Ulikuwa unafuata nyuzi juu ya blanketi, kidole kwa kidole.

Sasa kuna jambo hukulisikia, na Mungu ananiona ninavyoliandika bila kupenda.

Alhamisi, gari la Sefu lilipokata kona na wewe ndani, aliamka akauliza, "Yule mkubwa ameondoka?"

Nikamwambia, "Mkubwa niko hapa."

Akanigeukia. "Wewe, Damiano?" Jina langu, Abdulhussein. Tangu mwaka jana hakuwahi kulitaja. "Wewe mama alikuwa na mimba yako tulipokwenda kumwona mtoto wa dukani. Mimi nilibeba mayai. Kumi. Nikavunja moja."

Nikamwambia, "Dada, lala, umechanganyikiwa."

Akasema, "Moja tu. Mama hakunipiga."

Nimeligeuza yai hilo kichwani siku sita, nikitafuta pa kulikatalia. Sijapaona. Mtu hawezi kubuni yai.

Inanga inarudi kwako kwa mkono wa Sefu. Nyuzi ni nzima, usizisogelee na kisu. Itundike palepale, ila Afshan afute mfalme, aandike haya: "Inanga ya Anatoli wa Muyinga. Alipiga kwenye pombe na kwenye matanga. Waliivunja watoto wawili, kiraka ni debe la mafuta ya taa. Mwenye kikohozi akizuie." Kama hakuna atakayesimama, nitakuja kusimama mwenyewe, na hizo ngoma zako za Gishora utanionyesha.

Afshan asipike pilipili nyingi.

Mdogo wako,
Damiano