Majani Mabichi Niliyoyazuia Kaburini kwa Bibi Yako

Dongobesh,
Wilaya ya Mbulu.
9 Mei 2025

Mpendwa mpwa wangu Hilaria,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo uliyonitumia kwa simu ya binti yangu Lucia nimeipokea, nami naitikia marahaba kwa moyo wote. Natumaini kifua hakikusumbui tena huko Newala, na kwamba wanafunzi wako wanakutii. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Mahindi yamebeba vizuri. Maharage yameharibiwa kidogo na mvua.

Uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Tangu tulipomzika mama yangu, bibi yako Natalia aliyekulea, barua hii nimeianza mara nne. Nakaa, nasimama, natembea hadi kwenye migomba, narudi. Hata rozari siimalizi. Nikifika fumbo la tatu, mawazo yamekwisha kwenda Gehandu, kwao bibi yako.

Kwa kuwa barabara ilikatika nawe hukuweza kuwahi mazishi, yakupasa usikie kutoka kwangu mwenyewe lililotokea. Kaburi likiwa linafukiwa, alifika mjomba wangu Gidabuday, mdogo wake bibi yako, pamoja na wazee wawili wa kwao. Walishika majani mabichi mikononi, kama wafanyavyo watu wa upande ule wanapoagana kwa amani na mtu wao. Mimi ndiye niliyeongoza sala, nikiwa katekista. Nikawazuia. Nilitamka mbele ya waombolezaji wote kwamba haya ni mazishi ya Kikristo, na mambo ya mila yabaki nje ya uzio.

Mjomba alinigeukia. “Mwalimu,” akasema, “sikuja kubatizwa. Nimekuja kumfunika dada yangu.”

Baadhi ya watu walicheka. Mimi sikusogea. Akayafunga majani katika pindo la shuka lake, akaondoka bila kuonja chakula.

Siku ya tisa, mke wangu Fausta alinieleza jambo ambalo bibi yako alinificha. Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote, alikuwa akienda Gehandu alfajiri kuweka majani kaburini kwa mama yake, kisha akirudi kuwahi Misa ya jioni. Fausta alipomuuliza kwa nini asinishirikishe, alijibu, “Nani, Clement? Yule atanihubiria mpaka ng'ombe walale bila kukamuliwa.” Nilicheka, Hilaria, halafu ikanilazimu kutoka nje. Miaka yote ile nilimtengea nafasi ya mbele kanisani, naye hakuniona kuwa mtu wa kuambiwa.

Nilimwendea padre. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba majani hayamzuii Mungu. Heri angenikaripia, pengine ningelala.

Alhamisi iliyopita nilipanda bodaboda hadi Gehandu. Nilimkuta mjomba zizini, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia, akaendelea kumkuna ndama shingoni. Mwishowe akasema bila kunitazama, “Umesoma sana, lakini hili hukufundishwa. Kwetu mwenye kosa hajiombei. Huombewa. Mlete yule mtoto aliyelelewa na dada yangu, aseme yeye.”

Nimefundisha maombezi ya watakatifu kwa miaka thelathini na moja, na ilibidi nifundishwe hilo zizini.

Kwa hiyo nakuomba, wala sikuamuru: njoo shule zitakapofungwa mwezi Juni. Usingoje Desemba. Mjomba anakohoa vibaya, na jirani zake wanasema chakula chake sasa ni maziwa tu. Akitutoka kabla hajaagana na dada yake, kosa hilo litabaki juu yangu, na hatakuwapo tena wa kuombwa msamaha.

Ukifika tutakwenda pamoja, nawe ndiwe utakayesema. Akikubali kuja kaburini, nitasimama nyuma ya watu wote, na sitafungua kinywa mpaka amalize.

Fausta anakusalimu sana, vilevile Lucia, ambaye ameahidi kukupokea stendi. Mfikishie mumeo Wolfgang salamu zangu, na umweleze sababu ya safari bila kunipunguzia kosa. Mungu aliyemwita bibi yako katika uzee mwema akutangulie barabarani, akulegezee ulimi siku hiyo.

Mimi mjomba wako, nikupendaye na kukungoja,

Clement Margwe