Friji Iliyozimwa Kila Mchana

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu tele, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini mgongo umekuachia. Sisi huku tunaendelea. Baba ndiye aliyetutia hofu, ila sasa ana nafuu.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba mwisho wa mwezi unakuja kumchukua baba akaishi kwako, kwa kuwa mama ameshindwa kumtunza. Nilikasirika, lakini hasira hasara. Afadhali nikueleze kilichotokea.

Friji uliyotununulia mama aliiweka sebuleni, karibu na kochi analolalia baba, akaitandikia kitambaa cha kufuma. Fahari tu! Mgeni hakai kabla hajaisifia. Humo ndimo ilimokaa insulini ya baba. Hata hivyo sukari ilizidi kupanda ingawa alichomwa sindano kila siku. Akawa mtu wa kiu na kwenda chooni, hata mizaha yake ikamwisha. Hapo niliogopa kweli.

Muuguzi alipokuja kumwona, aliomba kwanza aonyeshwe dawa. Mama akafungua friza, akatoa chupa zilizoganda kama mawe. Muuguzi akatueleza kwamba insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyushwa kabla ya sindano na kuonekana safi. Kumbe tulikuwa tukimchoma baba kitu kisicho na nguvu. Akaitazama na nyama, akauliza mbona inaonekana imeyeyuka na kuganda mara nyingi. Mama akainama, akasema huizima friji kila mchana, na kwa kuhofia dawa isipate joto, akaihamishia kwenye friza, ambako baridi hukawia kuisha.

Mimi, kama ambavyo nawe ungedhani, nilidhani ni ubahili wa umeme. Nikamsema mbele ya mgeni, na mdomo wangu unaujua. Muuguzi akaitupa nyama, akaagiza dawa mpya ikae rafu ya kati, mbali na friza, na friji isizimwe tena.

Alipoondoka, mama akaniambia jambo ambalo hakutaka ulisikie. Baba hujilaza baada ya chakula cha mchana, naye mama hushona chumba cha pili. Tangu siku ile baba alipozimia usingizini, mama hawezi kushona bila kusikia pumzi zake, na friji ile inanguruma. Kwa hiyo akiizima, huiacha na cherehani kwa kelele zake, akashona kwa mkono huku akisikiliza. Nililia, kaka. Nikamwomba radhi.

Friji tumeihamishia jikoni na kitambaa chake, usicheke. Sukari ya baba imeanza kushuka. Jana nilimsomea ujumbe wako. Akaniambia kwamba mchana hapati usingizi mzito. Kila akizinduka hukohoa kidogo, ingawa hana kikohozi, ili mama ajue yupo na aendelee na kazi yake. Miaka yote hiyo ya ndoa, na hawajawahi kuambiana. Akaniuliza, akija kwako, atamkoholea nani.

Njoo, kaka, tumekukumbuka. Ila njoo kututembelea, usije kumchukua. Wifi msalimie sana, watoto wabusu. Mama anakusalimu, hajui nimekuandikia haya. Baba anajua.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba