Kugonga na Unayo

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimemchukia mume wa Mama kwa sababu mpya: anavyopiga kete. Hawezi kuiweka tu kama watu wengine. Anainyanyua mpaka sikioni halafu – pwaa! – meza yote inaruka. Na yenyewe wala si meza, ni mlango wa friji uliolazwa juu ya kreti mbili za soda. Nyumba hii yote ni friji. Mama yangu ameolewa na fundi friji, kwa hiyo tunalala katikati ya kompresa na koili. Unafungua friji kutafuta maji ya kunywa, unakuta bisibisi.

Eti na mimi nicheze domino. Dada yake fundi huyo, yule nesi, amehamia wikendi zetu zote, na alikuwa anatafuta mtu wa nne. "Njoo ukae, Bubu, kete haziumi." Bubu ndiye mimi. Mama akacheka. Alicheka!

Fundi akaanza somo. "Sikiliza, mwanangu." Mwanangu! Kete ishirini na nane, kila mtu saba. Mnacheza wawili wawili, mwenzako anakaa mbele yako. Mwenye dabo sita anafungua. Unaweka kete inayolingana na ncha mojawapo ya mstari. Huna? Unagonga meza, zamu inapita. Wa kwanza kumaliza, yeye na mwenzake wameshinda. Hakuna kuongea, hakuna kukonyeza, hakuna kikohozi cha ghafla.

"Na kugonga na unayo?" nesi akamkumbusha.

Hapo akakunja uso kama hakimu. Kugonga wakati kete unayo ni wizi. Mkikamatwa, wewe na mwenzako mmeshindwa papo hapo, hata kama mlikuwa mnaongoza.

Mwenzangu ni Mama. Tumefungwa vibaya. Sikutoa neno hata moja, na hakuna aliyeshangaa.

Jumapili, 4 Mei

Naona aibu kuliandika hili: napenda domino. Sio wao. Domino. Unakaa saa nzima na watu na hakuna anayekuuliza mbona umenyamaza.

Halafu kuna jambo ambalo hakunifundisha, nimeligundua mwenyewe. Kila namba iko kwenye kete saba tu. Ukihesabu zilizo mezani ukajumlisha na zako, unajua zilizobaki. Na mtu akigonga, amekutajia asichonacho. Kumbe wanaongea muda wote! Nesi ndiye anaropoka kupita wote.

Mwenzako naye unamsikiliza hivyo hivyo. Mama akirudia-rudia nne, najua ana nne nyingi, namwachia njia. Na yeye ananisoma mimi. Leo tumeshinda mara mbili bila hata kutazamana. Ilikuwa kama zamani tulipoishi kwa Bibi, mimi na Mama na chumba kimoja. Mpaka mume wake alipoharibu: "Hawa wana simu ya ndani kwa ndani!" Akacheka na mdomo umejaa. Nikamchukia upya.

Jumatano, 7 Mei

Simwiti kitu. Nikitumwa kwake nasema, "Samahani, chakula tayari." Leo alikuwa ameingia nusu mwili nyuma ya friji ya mteja, nami nimesimama na sahani – samahani... samahani... – kama redio iliyokwama. Akachomoza kichwa. "Naam! Samahani ndiye mimi." Mteja akacheka mpaka akashika ukuta. Nilitamani friji imwangukie. Taratibu tu.

Shule ya zamani tulisoma kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza ningemwita kwa jina lake na hakuna ambaye angeshtuka. Kiswahili hakinipi mlango. Jana msichana ninayekaa naye darasani aliniuliza yule aliyekuleta ni nani. Baba wa kambo, nikasema – na nikajisikia mwenyewe! Neno lenyewe linaanza na baba. Nimeshamwita bila kutaka. Baba yangu alikufa, hakujiuzulu.

Nimempigia Bibi. Kitanda changu bado kipo. Shule ya zamani itanipokea muhula ujao. Ila Mama akubali, kasema.

Mama amesema hapana. Alikuwa anapiga pasi mashati ya dobi, hata macho hakuinua. Watu watasemaje, ameolewa akamtupa mtoto? Watu! Hakusema "nitakukosa". Amesema watu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeongea. Mezani, mbele ya wote.

Nesi alikuwa ananichokoza. "Bubu, mkishinda tukupe nini? Ulimi?" Na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Tukishinda, narudi kwa Bibi."

Yeye akalaza kete zake chini, polepole, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikajua sasa zinaanza kelele. Hakupiga kelele. Akasema sawa. Lakini wakishinda wao, nabaki, na namwita Baba.

"Sio yule. Sio samahani. Baba, na watu wasikie."

Nikamtazama Mama. Mama aliyekataa juzi! Akasema "Haya, sawa" kabla sijamaliza hata kumeza mate. Jumapili, mchezo mmoja, basi.

Amekubali! Sasa nimemwelewa. Anataka niende, ila hawezi kulisema mbele ya mume wake, kwa hiyo atalisema kwa kete. Nilimfuata jikoni nikamkumbatia kwa nyuma. Ananukia wanga na mvuke wa pasi. Hakugeuka. Nadhani alikuwa analia kwa furaha.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepanga begi. Kila kitu, hata sweta. Yeye alipita mlangoni akaona. Akasema zipu hiyo imekufa, itakuaibisha njiani. Akaondoka na begi, akalirudisha zipu inateleza kama mafuta.

Namchukia zaidi! Mtu anayekufanyia ubaya unajua pa kumweka.

Jumapili, 11 Mei

Naandikia hapa hapa mezani, juu ya mlango wa friji. Kete zimelala mbele yangu na mimi ndiye mlinzi. Niandike haraka, watarudi.

Tulianza baada ya chakula cha mchana. Leo yeye hakupiga kete, aliziweka tu. Nesi hakutania. Mimi na Mama tulikwenda vizuri mno mpaka nikabaki na kete moja. Moja! Tatu na sufuri. Mstari ulikuwa na tano ncha hii, na moja ncha ile. Zamu ya Mama.

Nilihesabu. Nikahesabu tena. Kete zenye tano zimeshatoka sita. Iliyobaki duniani ni tano na tatu. Mimi sina. Nesi aligonga wakati tano iko wazi. Kaka yake naye aligonga wakati tano iko wazi. Basi ni ya Mama. Akiiweka, ncha inakuwa tatu, na tatu nyingine zote zimekwisha, hakuna wa kuniziba. Zamu ikinifikia namaliza. Nimeenda kwa Bibi.

Na Mama anajua ninachotaka. Nimemwonyesha tatu tangu mwanzo wa mchezo.

Akazitazama kete zake. Akanitazama mimi. Akagonga meza. Kwa kifundo kimoja, kidogo hivi, kama anaomba kuingia chumba cha mgonjwa.

Sikupata hata muda wa kupumua. Nje jirani akapiga yowe – maji! maji yametoka! Bomba limekauka tangu Alhamisi, kwa hiyo kila mtu akalaza kete zake kifudifudi na kukimbilia ndoo. "Hakuna kugusa!" nesi akapiga kelele akiwa mlangoni. "Bubu, linda. Wewe ndiye wa kuaminika humu."

Nikajiambia labda nimekosea hesabu. Labda wao ndio wameiba, yeye au dada yake. Nilitaka sana awe yeye! Nilifunua zake kwanza. Kete mbili. Hakuna tano. Za nesi: hakuna tano. Hawakuiba. Nikazirudisha.

Nikafunua ya kwanza ya Mama. Sita na nne.

Ya pili. Tano na tatu.

Hakuiona? Mama huyu anaona kunjo la shati jeupe akiwa chumba cha pili.

Nikisema, tumeiba, tumeshindwa papo hapo. Nisiposema, yeye atacheza, mimi nitagonga, Mama ataendelea kuificha, tutashindwa polepole. Aliyekubali niende, humu ndani, ni yule. Yule tu. Sijui niiweke wapi chuki yangu. Nilikuwa nimeizoea pale ilipokuwa.

Mama ameingia. Kanga imelowa mpaka magotini. Ameiona kete imefunuliwa. Hakunigombeza. Ameketi mahali pake, mikono inachuruzika mezani, ananitazama ninavyoandika.

Amesema, "Usimwambie baba yako."

Naandika. Nimeiwekea kete mkono wa kushoto, tano na tatu ikiwa imetazama juu. Amesema tena, kwa sauti ya chini, mwanangu, ningebaki na nani? Sasa ndiyo analisema! Sasa!

Ndoo inatuliwa ukumbini. Yeye anauliza akiwa huko huko, anahema, "Zamu yangu, au sivyo?"

Mama ananibandua vidole kwenye kete, kimoja kimoja, aigeuze kifudifudi. Sivilegezi. Yeye anafuta miguu mlangoni –