Kidole Kilichosita

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hamjambo wewe, mama watoto na wajukuu zangu? Mimi mzima, ila uchovu wa uzee haupumziki hata nikipumzika mimi.

Umeuliza siku za Alhamisi naenda wapi. Naenda hospitali, kufundisha. Usicheke. Wanafanya utafiti: daktari mwanafunzi anayejifunza kupima tezi dume kwa mtu hai, je, hugundua ugonjwa vizuri kuliko aliyejifunzia sanamu ya mpira? Yangu imevimba miaka mingi, kwa hiyo nimekuwa kitabu. Nikueleze: tezi hii hukaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Ikivimba, huibana njia. Daktari huigusa kwa kidole, kupitia nyuma, maana mkono hauna mlango mwingine wa kuifikia.

Vijana wenyewe hutetemeka. Mmoja aliniomba radhi mpaka nikamwambia, "Daktari, niliyevua suruali ni mimi. Wewe unaona haya ya nini?"

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Huku tupo, kazi tu. Mabasi yanaharibika upesi kuliko tunavyoyatengeneza.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mwalimu mkuu mstaafu, unawainamia watoto! Shangazi kanipigia simu akilia, sijui kwa huzuni au kwa kicheko. Karakanani wakijua, nitahama mji. Una redio, una kiti barazani. Tulia, Baba, nakusihi. Na mambo hayo usiniandikie tena.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Barua zangu mbili hukuzijibu, nami sikulaumu. Aliyechoka husikia hata salamu kama kelele.

Leo naandika yale yale uliyonikataza. Mwezi wa nne mwanafunzi mmoja, binti mwembamba mwenye miwani, alinipima, na kidole chake kikasita upande wa kushoto. Akasema, "Hapa pagumu." Wenzake walikuwa wamepapita kwa haraka. Profesa wao akapima mwenyewe, akaagiza vipimo. Nikatolewa damu, nikachomwa sindano za kuchukua vipande vya nyama. Ni saratani, ndogo, ya mwendo wa kobe. Wameshauri tuichunge kwanza bila kukata, kwa vipimo vya mara kwa mara, nimekubali. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Elewa hilo: huanza kimya.

Sasa sikiliza. Mwanamume ambaye baba yake ana saratani hii yuko hatarini kuliko wengine. Babu yako alikufa akiugulia kiuno, nasi tukasingizia jembe. Wewe umefika arobaini na saba. Nenda ukapimwe.

Baba yako

2 Septemba

Shikamoo Baba,

Pole sana. Nisamehe kimya changu. Barua yako nimetembea nayo mfukoni mpaka imechakaa.

Nikwambie ukweli. Mwaka wa pili huu mkojo hautoki vizuri. Nasimama, nasubiri, unakuja tone tone. Karakanani wananiita Bwana Matone. Wakigonga mlango wa choo wanauliza kama nachimba kisima. Mchana sinywi maji. Mke wangu nilimwambia ni baridi.

Juzi nilikwenda zahanati. Daktari akaniuliza naumwa nini. Nikasema kichwa. Akanipa dawa za kichwa.

Mwanao

11 Septemba

Mwanangu,

Poleni na kazi. Nimecheka, kisha nikaisoma barua yako upya.

Mara nyingi shida ya kukojoa ni uvimbe tu, si saratani. Lakini mimi siwezi kutofautisha kwa barua, wala wewe kwa woga. Njoo Alhamisi yoyote. Yule binti yupo kliniki, na profesa wake yupo. Ukiona haya, kumbuka amenipima mimi, na bado ananiamkia "Shikamoo Mwalimu."

Nimechoka, mwanangu. Nimewazika wazazi wangu, nimemzika mama yako. Nguvu ya kukuzika wewe sina.

Baba yako

25 Septemba

Shikamoo Baba,

Nimeomba ruhusa kazini. Nitafika Alhamisi ijayo asubuhi. Mke wangu nimemweleza, akasema, "Baridi gani ya miaka miwili?" Shangazi usimwambie. Na tafadhali, Baba, usije ukakaa nje ya mlango kunisubiri kama mtoto wa chekechea.

Mwanao

28 Septemba

Mwanangu,

Nitakaa.

Baba yako