Kuku wa Inspekta Mbawala

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Hukupenda barua za kuzungukazunguka, kwa hiyo naanza na tukio lenyewe: kuna mtu anamwandika Mbawala wako. Inspekta uliyemtunga hapa hapa Mshangano, kwenye kiti chako cha kamba, akakamata wauaji katika vitabu vyote vile kuanzia Songea hadi Tunduru, leo ana mwandishi mwingine. Mchapishaji alinipigia simu kutoka Dar. Alinisifu mimi, akakusifu wewe, akaisifu Songea nzima, kisha akasema wasomaji wanamlilia Mbawala na amempata binti wa kumwendeleza, Tumaini, mwalimu wa sekondari hapa mjini. Kilichobaki ni saini yangu tu. Nikakumbuka ulivyozoea kuniambia: "Stella, mtu akikusifu kabla hajakaa, hesabu viatu mlangoni." Nikamwambia alete kwanza sura za mwanzo.

Nilizisoma kwa jicho la kutafuta ubaya, sikufichi. Na nikaupata. Mbawala ana simu ya kupangusa! Anapanda bodaboda! Wewe ulimtembeza kwa miguu hadi soli zikaisha. Nilishaandaa maneno ya kukataa, nikafika pale anapokaribishwa ugali nyumbani kwa mtuhumiwa. Anamega tonge la kwanza, anamtupia kuku, anamtazama. Kuku hafi. Ndipo naye anakula.

Baba, karatasi zilinitoka mkononi. Tonge lile si la Mbawala, ni lako. Hukuliandika katika kitabu chochote. Ulilifanya nyumbani tu, kumchokoza Mama. "Mama Stella, ngoja tuone kama kuku huyu ataiona kesho." Naye anakujibu, "Chezea chakula. Siku moja nitatia sumu kweli, na kuku nitamfungia." Tulicheka jambo lile lile miaka yote na halikuchuja. Sasa huyu mwalimu, ambaye mimi sijawahi kumwona uani kwetu, alilijuaje?

Nikaanza kumshuku kila mtu. Kaka Deo, anayelima tumbaku Namtumbo, akishalewa hana siri. Nilimpigia simu, akaapa kwa Bikira Maria kwamba hamjui Tumaini wala hajawahi kusoma kitabu chako hata kimoja. Hilo la pili nililiamini. Mama sikumfikiria kabisa. Hajui kusoma, na tangu tukuzike amekuwa mtu wa maneno machache. Anaitikia salamu, anasali rozari, analala. Nilidhani ni uchovu. Ndiyo maana baada ya mavuno ya kwanza bila wewe niliita mashine ya kupukuchua mahindi, asiumie vidole. Nikajiona mtoto mwema.

Kisha nikaona magunzi. Yalikuwa nyuma ya jiko, rundo zima, wakati mahindi yetu yote nilijua yamepita mashineni. Mashine huyavunjavunja magunzi. Haya yalikuwa mazima, yamepukuchuliwa kwa mkono. Nilimuuliza Mama. "Ya kuwashia moto," akasema, bila kunitazama. Mama anidanganye mimi? Hapo nikajua kuna jambo.

Nikafanya kama angefanya Mbawala wako. Niliaga kwamba siendi dukani kwangu siku hiyo, naenda Namtumbo kwa Deo na nitalala huko. Nikafika stendi, nikanywa chai, nikarudi. Mlangoni nikahesabu viatu. Kulikuwa na kandambili za Mama, na viatu vyeusi vya kike, soli imelika upande. Nikazunguka nyumba polepole, nikasimama kwenye kona ya jiko. Nikasikia punje za mahindi zikidondoka kwenye ungo, na sauti ya msichana ikisoma.

Nilikuwa nimeisahau kazi yenu ile, wewe na karatasi zako, Mama na mahindi yake. Ulikuwa ukimsomea huku unaitazama mikono yake. Ikiendelea kupukuchua, umechosha. Ikisimama, umepatia. Na akimtaja muuaji kabla hujamaliza, unachana sura nzima, na jioni hiyo huongei na mtu. Mimi nilipita na ndoo yangu ya maji nikidhani mnapiga soga.

"Ishia hapo," Mama alisema. "Aliyeua ni yule mwenye bani la kukaushia tumbaku."

"Mama, umejuaje?"

"Analia kuliko wafiwa. Baba Stella asingemwachia alie hivyo. Kaandike tena."

Tumaini akacheka, akaichana ile karatasi. Nikajitokeza kwa hasira, nikamuuliza nani kamruhusu kuingia. Akasimama haraka. "Shikamoo dada." Akasema zamani kidogo alikuja kutoa pole na kuniomba ruhusa, akanikosa, akamkuta Mama. Na Mama ndiye aliyemuuliza, "Umebeba karatasi? Hebu nisomee." Hata tonge la kuku alisimuliwa na yeye. Nikamgeukia Mama. Nikamwambia Mbawala ni wa Baba, asigawe vitu vya marehemu.

Hakupaza sauti. "Stella, uliniletea mashine, ahsante, gunia moja nikalificha. Lakini ulitaka nikae kimya na mikono mitupu mpaka lini?"

Nilikuwa na wivu, Baba, na bado ninao. Nilitaka Mbawala aondoke na wewe ili nikulilie vizuri, wala sikuwaza kwamba kuna mtu humu ndani aliyekuwa akimsubiri kila siku. Tumaini simwamini sawasawa. Nimemwambia aiondoe ile simu ya kupangusa, amekataa katakata, na ubishi wake umenikumbusha mtu. Nitasaini, ila kwa sharti: kila sura isomwe kwanza uani kwetu. Mashine nimeshaikataa.

Jana Tumaini alibaki kula. Nilisonga ugali, tukanawa, tukasali. Mama, aliyekugombeza maisha yako yote kwa kuchezea chakula, akamega tonge la kwanza akamtupia kuku. Tukakaa watatu tunamtazama, hakuna aliyegusa sahani.

Leo asubuhi nimeamka kabla ya Mama, nimekwenda bandani kumwangalia kuku yule. Yu hai, Baba.

Pumzika kwa amani. Viatu nitaendelea kuvihesabu.

Ni mimi,
Binti yako